Mfumo ukisema magonjwa mawili hayahusiani, utuoneshe na njia uliyopita

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua hii ni ndefu ila jambo lenyewe halifupishiki, na naona hapa Dodoma linaongelewa juu juu tu wakati linamgusa kila anayeenda hospitali, awe na kadi ya bima au hana. Siku hizi kila ukigeuka kuna mtu amekuja na mfumo mpya wa afya. Mji umekuwa makao makuu, wizara ziko Mtumba, kwa hiyo kila mwenye kitu cha kuuza lazima apite hapa, na mingi ya mifumo inayokuja sasa inajinadi kwamba inaelewa magonjwa, yaani ukiingiza ugonjwa na kipimo, au ugonjwa na dawa, au magonjwa mawili ya mgonjwa mmoja, wenyewe unakwambia vinahusiana au havihusiani na unakupa namba kabisa. Mimi kazi yangu ni kumbukumbu za wagonjwa, ndo mtu wa kugeuza maandishi ya dokta yawe namba za magonjwa zinazoingia kwenye ripoti, na ombi langu kwa wanaonunua hiyo mifumo ni moja: msikubali namba peke yake. Mwambieni muuzaji aoneshe njia.

Nieleze hiyo njia ni nini, maana wengi wakiona namba kwenye skrini wanadhani kompyuta imefikiria. Haijafikiria, imehesabu hatua. Kwenye tiba kuna madaftari makubwa sana ya majina ya magonjwa, dawa, vipimo na viungo vya mwili, na humo kila jina lina mzazi wake, mzazi naye ana mzazi wake, mpaka juu kabisa kwenye mzizi. Ni kama ukoo, ukitaka kujua wewe na fulani mna udugu wa karibu kiasi gani unapanda mpaka kwa babu mnayechangia halafu unashuka upande wake. Malaria iliyopanda kichwani mzazi wake ni malaria ya falciparum, juu yake kuna malaria yenyewe, juu yake tena magonjwa ya protozoa, na inaendelea hivyohivyo. Kompyuta inapanda, inashuka, inahesabu vituo ilivyopita, basi. Vituo vikiwa vichache inasema hivi viwili vinafanana, vikiwa vingi inasema havifanani.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Mwaka 1989 Roy Rada na wenzake walichapisha kipimo cha namna hii wakakijaribu kwenye MeSH, ile orodha ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ambayo ilianza 1960 kwa ajili ya kupanga makala za utafiti. Maktaba hiyohiyo mwaka 1986 ilikuwa imeshaanza mradi mkubwa zaidi unaoitwa UMLS, wenye kazi ya kuziunganisha orodha mbalimbali zisiendelee kuongea kila moja na lugha yake, na leo humo ndani kuna dhana zaidi ya milioni 3 kutoka vyanzo zaidi ya mia, ikiwemo MeSH, ICD ambayo ni orodha ya namba za magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na SNOMED CT, orodha ya maneno ya kitabibu, ambayo peke yake ina dhana zaidi ya 300,000. Kila dhana imepewa namba inayoanza na herufi C ikifuatiwa na tarakimu saba. Malaria ni C0024530, chanzo kimoja kikiiita hivi na kingine kikiiita vile, namba inabaki hiyo.

Sasa juu ya hiyo UMLS kuna programu ambayo ningependa vijana wa kompyuta wa hapa waijue, inaitwa UMLS-Similarity, inakwenda pamoja na nyingine inaitwa UMLS-Interface. Ni kazi ya Bridget McInnes, Ted Pedersen na Serguei Pakhomov, waliiwasilisha mwaka 2009, imeandikwa kwa Perl, lugha mojawapo ya kompyuta, na ni programu huria, hulipii chochote. Haina vitufe vya kubonyeza. Unafungua terminali, ile skrini nyeusi, unaandika amri, unaipa namba mbili za dhana, unabonyeza enta. Kuna amri ya kukupa alama ya ufanano, lakini kuna nyingine nyingi ambazo kwangu mimi ndo zenye thamani: findShortestPath inakutolea njia fupi kituo kwa kituo, findPathToRoot inakuonesha dhana yako inapandaje mpaka kwenye mzizi, findLeastCommonSubsumer inakuonesha huyo babu wanayechangia ni nani. Kuiweka kwenye mashine sio kazi ya dakika mbili, lazima ujisajili kwenye ile maktaba ya Marekani upewe leseni, ambayo ni bure, kisha upakue mafaili makubwa ambayo bando la kawaida halitoshi, uyapakie kwenye MySQL, programu ya kuhifadhi data, na mara ya kwanza ukiitumia inaweza kukaa muda mrefu sana ikitembea mti mzima. Ila ikishakaa sawa, unaona kila kitu. Hakuna kilichofichwa.

Na kuna faili dogo la mipangilio ambalo mtu yeyote anayenunua mfumo anatakiwa aliulizie. Humo unaandika unatumia chanzo gani, MeSH au SNOMED au vyote, na unafuata uhusiano gani, mara nyingi mzazi na mtoto tu. Ukibadilisha mstari mmoja kwenye hilo faili magonjwa yaleyale mawili yanakupa namba nyingine kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia ufanano wa A na B ni 0.2 bila kusema ametumia orodha gani, bado hajakwambia kitu.

Haya sasa tuchukue kalamu, maana hili halihitaji hata kompyuta. Tutumie ICD-10, yaani toleo la kumi la ICD, ile iliyopitishwa 1990 na kuanza kutumika 1994, maana hiyo ina ngazi chache na watu wa kumbukumbu tunaijua kwa kichwa. Kipimo rahisi kuliko vyote kinahesabu vituo vyote vya kwenye njia, cha kuanzia na cha kumalizia vikiwemo, halafu unagawa moja kwa idadi hiyo. Malaria isiyotajwa aina ni B54. Taifodi ni A01.0. Anza na taifodi: A01.0, unapanda A01, unapanda kundi la A00 mpaka A09 ambalo ni maambukizi ya tumbo, unapanda Sura ya I ya magonjwa ya kuambukiza, hapo ndo kwa babu, unashuka kundi la B50 mpaka B64 la protozoa, unafika B54. Vituo sita. Moja gawanya kwa sita, kama 0.17.

Sasa malaria na presha ya kupanda, ambayo ni I10. B54, kundi lake, Sura ya I, hapo inabidi uende mpaka kwenye mzizi maana presha iko sura nyingine, unashuka Sura ya IX ya moyo na mishipa ya damu, kundi la I10 mpaka I15, halafu I10 yenyewe. Vituo saba, kama 0.14. Yaani taifodi na malaria, homa mbili ambazo madaktari wanahangaika kuzitofautisha kila siku, zimepishana na malaria na presha kwa kituo kimoja tu! Nenda malaria na kichomi, J18, unapata saba vilevile, sawasawa na presha, na kama dokta alikuwa makini akaandika J18.9 badala ya J18 inakuwa nane, yaani kichomi kinakuwa mbali na malaria kuliko presha ilivyo mbali na malaria, kisa tarakimu moja iliyoongezwa mwishoni. Muulize nesi yeyote wa wodi ya watoto, mtoto akija anachemka na anapumua haraka haraka anawaza nini. Anawaza malaria na kichomi, vyote viwili. Hajawahi kuwaza presha.

Nimechukua malaria kwa sababu kila mtu anaijua, lakini mfano unaoniuma ni wa kwetu hapahapa. Kongwa.

Kongwa inajulikana duniani kwa utafiti wa trakoma, tangu miaka ya 80 watafiti wanakuja huko, na ukipita vijiji vya kule na vya Bahi, Chamwino au Mpwapwa utakutana na wazee ambao macho yao yaliharibika kwa ugonjwa huo. Unavyokwenda ni hivi: mtoto anaambukizwa bakteria anayeitwa Chlamydia trachomatis, kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, kwa nzi, anapona anaambukizwa tena, miaka inapita, ngozi ya ndani ya kope inajaa makovu, makovu yanaivuta kope mpaka inageukia ndani, nywele za kope zinakwaruza kioo cha jicho kila mtu akipepesa, na mwisho wake ni upofu. Mama wa makamo anayekaa ananyofoa nywele za kope zake na kibanio kila asubuhi sio kwamba ana ugonjwa mwingine. Ni uleule aliopata utotoni. Ndo maana mkakati wa Shirika la Afya Duniani umeweka vyote kwenye kapu moja, upasuaji wa kope, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira.

Sasa angalia mti. Trakoma ni A71, iko Sura ya I kwenye kundi la A70 mpaka A74. Kope kugeukia ndani ni H02.0, iko Sura ya VII ya magonjwa ya macho. Hesabu: A71, kundi lake, Sura ya I, mzizi, Sura ya VII, kundi la H00 mpaka H06, H02, H02.0. Vituo nane, alama 0.125. Halafu hesabu trakoma na malaria: A71, kundi lake, Sura ya I, kundi la protozoa, B54. Vituo vitano, alama 0.2. Kwa kipimo hiki trakoma iko karibu na malaria kuliko ilivyo karibu na zile kope ambazo yenyewe ndo imezigeuza.

Niliona kitu cha aina hii kwa macho kwenye onesho la mfumo mmoja hapa mjini. Kampuni siitaji na wala sisemi walikuwa na nia mbaya, vijana wanajua kazi. Walikuwa wanaonesha namna mfumo unavyokagua fomu za madai ya bima, ukikuta magonjwa mawili ya mgonjwa mmoja ambayo alama yao iko chini ya kiwango fulani unaiwekea fomu alama nyekundu irudishwe ikahojiwe. Nikaomba waingize trakoma na kope kugeukia ndani. Nyekundu. Nikauliza kwa nini, yule kijana akasema alama ni ndogo, nikauliza alama imetoka wapi akasema kwenye injini. Nikamwambia nioneshe njia iliyopita, akasema mfumo hauoneshi hiyo. Watu wakaendelea na ajenda nyingine. Mi nilibaki nawaza yule bibi wa kijijini ambaye kambi ya macho imefika karibu na kwake baada ya kusubiri miaka, amefanyiwa upasuaji, na karatasi yake imerudi kwa sababu kompyuta imehesabu vituo nane.

Na uchungu wenyewe ni kwamba kama njia ingekuwa imechapishwa pale kwenye skrini, hata mtu asiyejua kompyuta angeona kasoro kwa sekunde kumi. Angeona njia imepanda mpaka kwenye mzizi. Njia yoyote inayopita kwenye mzizi haisemi "havihusiani", inasema tu kwamba waliopanga daftari waliweka hivi viwili kwenye sura tofauti, na walikuwa na sababu zao, ICD ilipangwa kwa ajili ya takwimu za magonjwa na vifo, haikupangwa ili iwe hakimu wa nani alipwe. Kwenye UMLS ni zaidi ya hapo, maana wanaunganisha vyanzo vingi na wale waliotengeneza programu wakaweka mzizi wa kubuni juu ya vyote ili njia ipatikane, kwa hiyo mara nyingine njia unayopewa ipo tu kwa sababu kila kitu kimefungwa juu kwa kamba moja. Namba haikuoneshi hilo. Njia inakuonesha.

Nisieleweke kwamba nakataa kipimo. Nakipenda, na ndo maana naandika. Kwa kutafuta mafaili ya zamani hakuna msaada kama huu, dokta akitaka wagonjwa wote wenye malaria unamwekea na aina zote za malaria zilizo chini yake kwenye mti bila yeye kuzitaja moja moja, na ukimpa kipimo cha njia kwa vitu vilivyo tawi moja kinafanya kazi safi kabisa. B50.0 ambayo ni malaria iliyopanda kichwani na B54 zina vituo vinne, 0.25, na kila mtu anakubali hizo ni ndugu. Shida inaanza pale unapolinganisha vitu vya matawi tofauti ukadhani hatua moja ya huku ina urefu sawa na hatua moja ya kule. Hazilingani. Hatua ya kutoka B50 kwenda B50.0 ni ndogo sana, hatua ya kutoka Sura ya I kwenda mzizi ni kubwa mno, ila kwenye hesabu zote ni moja moja.

Watafiti waliliona hilo mapema. Wu na Palmer mwaka 1994 waliingiza kina, yaani babu wa pamoja yuko chini kiasi gani kwenye mti, kwa sababu ndugu wanaokutana chini kabisa wanafanana zaidi ya wanaokutana juu karibu na mzizi. Philip Resnik mwaka 1995 akaja na njia nyingine ambayo mimi ndo inanifikirisha zaidi, akasema tuhesabu kila dhana inatajwa mara ngapi kwenye maandishi, inayotajwa mara chache ina uzito mkubwa, inayotajwa kila mahali ina uzito mdogo, na ufanano wa wawili ni uzito wa babu yao. Hii yote imo ndani ya programu ile niliyoitaja, unabadilisha neno moja kwenye amri unapata kipimo kingine.

Lakini hapo ndo wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, na vyuo vingine wanatakiwa waingilie. Huo uzito unatoka kwenye maandishi ya nani? Ukihesabu kwenye makala na mafaili ya hospitali za Marekani, malaria ni kitu adimu, kwa hiyo inapewa uzito mkubwa kupita kiasi, na trakoma ndo usiseme. Ukihesabu kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya taarifa za vituo vya afya, vya mikoa ya Ziwa malaria iko kila ukurasa, uzito unashuka. Na hata ndani ya nchi haulingani, Dodoma ni kukavu, malaria yetu ni ndogo ukilinganisha na Kigoma au Geita, wakati macho ni habari nyingine. Tunazo takwimu, tunaziingiza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, kila mwezi, mikono inauma. Mwanafunzi mmoja mwenye laptopu nzuri na msimamizi mzuri anaweza akatengeneza uzito wa Tanzania kutoka kwenye hesabu hizo, bila jina la mgonjwa hata mmoja kuonekana, maana kinachotakiwa ni idadi tu. Hiyo ingekuwa kazi ya maana ya mwaka wa mwisho, na ingetumika, isingebaki kabatini.

Kuna jambo la dawa pia ambalo naligusa haraka. Dawa mseto na malaria havina udugu wa mzazi na mtoto hata kidogo, moja iko kwenye tawi la kemikali na nyingine kwenye tawi la magonjwa, kinachowaunganisha ni kwamba moja inatibu nyingine, na huo ni uhusiano wa aina nyingine ambao kipimo cha njia ya mzazi na mtoto hakiuoni. Waliotengeneza UMLS-Similarity wanalijua hilo vizuri, wametenganisha kabisa vipimo vya kufanana na vipimo vya kuhusiana, na hivi vya pili vinasoma maelezo ya dhana badala ya kupanda mti. Kwa hiyo mfumo unaokagua dawa dhidi ya ugonjwa kwa kutumia njia fupi umechukua kifaa kisicho chake tangu mwanzo, hata ukirekebishwa vipi.

Na tusisahau mwanzo wa njia. Kabla kompyuta haijapanda mti lazima mtu aiambie inaanzia kituo gani, na hapo kwenye vituo vyetu ndo pagumu. Mgonjwa anasema ana homa, wa mapokezi anaandika homa, kule ndani mwingine anachagua malaria kwa sababu ndo mazoea, wakati homa ambayo haijajulikana sababu ina namba yake, R50.9, iko Sura ya XVIII mbali kabisa na malaria. Programu haina makosa hapo, itakuhesabia njia safi kabisa kutoka mahali pasipo sahihi. Ukiiandikia kwa Kiswahili haikuelewi, inataka zile C zake. Kwa hiyo kila kampuni inakaa yenyewe inatengeneza jedwali lake la kugeuza maneno ya wagonjwa na ya madaktari kuwa namba, kila moja kivyake, kwa siri, na hakuna aliyewakagua. Wizara ya Afya na BAKITA, lile Baraza la Kiswahili la Taifa, wakikaa pamoja na watu wa wodini, hata kwa kuanzia na magonjwa yale ambayo tayari yameandikwa kwa Kiswahili kwenye fomu za MTUHA, tukapata jedwali moja la wazi ambalo mtu yeyote anapakua, kazi nusu imeisha. Sio lazima liwe kubwa. Liwe la wazi na liwe na mtu wa kupokea masahihisho, maana nesi wa zahanati ndo ataona kosa kabla ya profesa.

Kwa wanaokaa kwenye kamati za manunuzi, hapa mkoani na halmashauri zote, naomba mkiletewa mfumo wa namna hii muulize mmetumia orodha gani na toleo la mwaka gani, mmefuata uhusiano gani, uzito umetoka kwenye maandishi ya nchi gani, halafu mseme tuwekee A71 na H02.0 tuone. Wakitoa namba, waambieni wafungue na njia. Kama mfumo wao umejengwa juu ya vifaa kama hivi nilivyovitaja, kuichapisha njia ni kazi ndogo, amri moja, kwa sababu ili ipate namba lazima kwanza iwe imeipita hiyo njia. Kama hawawezi kuionesha basi hata wao hawajui mfumo wao umefikaje hapo, na fomu ya mgonjwa isirudishwe kwa sababu hiyo. Mashine iweke alama, sawa, inatusaidia kwenye mafaili maelfu, ila anayerudisha awe binadamu aliyesoma njia kituo kwa kituo na kuandika sababu yake kwa maneno, ili yule anayerudishiwa ajue ajibu nini.

Na kwa vijana wanaotengeneza, skrini nyeusi isiwatishe. Isakinisheni hiyo programu, hata kwa kuchangishana bando, muipe magonjwa ya huku kwetu, trakoma, kichocho, brusela, kifua kikuu na ukimwi kwa mgonjwa mmoja, muangalie inapita wapi. Mkikuta njia ya ajabu iandikeni muipeleke kwa dokta mkae naye. Mimi niko tayari kukaa na kikundi chochote hapa Dodoma jioni baada ya kazi au Jumamosi, nikawaonesha namna tunavyoandika namba hizi kwenye vituo na wapi huwa zinapotea, na mhariri ana mawasiliano yangu.

Mtunza kumbukumbu za afya,
Dodoma